Baiskeli kutoka Uyole au Mbalizi hadi mjini Mbeya: chagua vivuko kwanza, barabara baadaye

Ujumbe ninaoupata mara nyingi unafanana. Mtu amechoka kubanana kwenye daladala, amenunua baiskeli, na Jumapili amejaribu njia ya ndani ikampendeza. Jumatatu akaenda nayo kazini. Kufika Alhamisi amerudi TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kushindana na malori, au baiskeli imeegeshwa ukutani na haitoki tena.

Nimekaa na watu kadhaa wa namna hiyo tukachora walikopita. Kosa lao ni moja: walichagua barabara, kisha barabara ikawafikisha kwenye korongo.

Tazama mji wetu ulivyokaa. Mlima Loleza uko kaskazini, na vijito vinashuka kutoka kwenye safu ile vikiukata mji kama vidole vya mkono. Sisi wa Uyole, mashariki ya mji, na wa Mbalizi, magharibi yake, tunasafiri mashariki na magharibi, yaani tunavikata vijito vyote hivyo. TANZAM inavivuka kwa madaraja yake, lakini njia nyingi za mitaani zinaishia ukingoni. Ndiyo maana mtu anaingia vizuri mtaani, anafurahia utulivu, halafu anageuzwa na korongo na kutemwa tena barabara kuu mahali pabaya kuliko alipotokea.

Kwa hiyo tutaanza na vivuko. Ukishajua unavuka wapi, mitaa ya katikati inajipanga yenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Baiskeli yenye breki mbili zinazoshika, mbele na nyuma.
- Taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, pamoja na kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda.
- Kofia ngumu inayokaa kichwani bila kucheza.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabisa, usitegemee bando. Organic Maps na OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao na zinaonyesha vijia vingi vya miguu.
- Karatasi, kalamu na saa.
- Pampu, viraka, gundi na vyuma viwili vya kutolea tairi.
- Glavu. Usizidharau, nitaeleza sababu.
- Jumamosi moja nzima, na asubuhi mbili na jioni mbili za siku za kazi.

## Hatua ya 1: Pima breki kabla ya kupima njia

Njia salama kwa mwenye breki si salama kwa asiyekuwa nazo. Mitaa ya Mbeya ni mpando na mteremko, na njia za ndani zina kona zinazoishia kwenye vidaraja vyembamba.

Simama kando ya baiskeli, kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke hata kidogo. Fanya hivyo kwa ya nyuma. Kisha shuka mteremko mfupi kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu na ufunge breki: usimame ndani ya urefu wa baiskeli mbili.

Sasa mwagia rimu maji, urudie. Hapa ndipo wenye baiskeli za rimu za chuma, zile Phoenix za breki za vyuma, wanapopata mshtuko. Chuma kikilowa, raba inateleza na baiskeli inaendelea kwenda. Kama yako iko hivyo, mwone fundi akubadilishie raba, na ujue kwamba siku ya mvua utaanza kufunga breki mapema zaidi, kidogo kidogo, ili raba ikaushe rimu kwanza.

Onyo: usiendelee na hatua ya 2 kwa breki moja eti utatengeneza mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 2: Andika vivuko vyote kwenye karatasi

Fungua ramani usiku, ukiwa umetulia. Weka kidole nyumbani, kingine kazini. Usiiulize simu njia bado. Tafuta mistari ya maji kati ya vidole hivyo viwili, na kwa kila mstari tafuta kila mahali ambapo kuna daraja, kalavati au kijia kinachovuka. Kisha tazama picha ya setilaiti kwenye programu nyingine kama Google Maps (hapa utahitaji mtandao), maana vijia vingi vinaonekana pale kama uzi mweupe ingawa havijachorwa.

Chora safu kwenye karatasi: mto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chini ya kila mto orodhesha vivuko vyake, kile cha TANZAM kiwe cha mwisho. Ongeza safu ya reli ya TAZARA kama nyumba na kazi yako viko pande mbili za reli. Ongeza pia safu ya TANZAM yenyewe, kwa sababu kuivuka barabara ile ni kazi sawa na kuvuka mto uliojaa.

Ukimaliza, iombe simu njia ya mtembea kwa miguu, si ya gari. Linganisha. Kama simu imekupitisha kwenye kivuko ambacho hukukiandika, kiongeze na kukiwekea alama ya kuuliza.

Umefanikiwa ukiwa na vivuko visivyopungua viwili kwa kila mto. Ukipata kimoja tu, na ni cha TANZAM, hicho ni kipande kisichokwepeka. Kizungushie duara, tutakirudia kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Nenda kwa miguu ukaviangalie

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Ramani haijui kama kidaraja ni zege au ni magogo mawili.

Mimi mwenyewe niliruka hatua hii. Nilipata kidaraja cha mbao kilichonipunguzia safari karibu nusu, nikakipita kiangazi chote nikijisifu kwa majirani. Mwezi wa Tatu nikarudi jioni nikakuta mbao hazipo, giza linaingia, mvua inanyesha, na njia pekee niliyoifahamu ni ya malori. Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Kidaraja hakikuwa na kosa. Mimi sikuwa nimekikagua.

Kwenye kila kivuko angalia mambo haya:

Upana. Je, unaweza kupishana na mwenye bodaboda bila mmoja kusimama? Kama haiwezekani, utapita ukisukuma, na muda huo uuhesabu.

Kingo. Zege lisilo na kingo, lenye changarawe juu, ndilo linalowaangusha watu. Udongo wetu una majivu na mawe mepesi ya volkano. Ukikauka unakuwa unga, na unga juu ya zege ni utelezi kama sabuni.

Alama ya maji. Tazama vichaka vya upande wa juu wa mto. Nyasi kavu, mifuko na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha maji yalifika wapi. Kama takataka zimenasa juu kuliko sakafu ya kidaraja, maji hupita juu yake. Kiandike "kiangazi tu".

Mdomo wa kalavati. Ukiwa umeziba kwa taka, mvua moja kubwa inatosha kulikata tuta la barabara.

Kisha uliza watu, na uulize vizuri. Ukisema "Hii njia inapita?" utaambiwa inapita, kwa sababu kwa mtu wa miguu kila njia inapita. Msalimie kwanza mama anayeuza viazi pale kando. "Shikamoo mama." Akishaitikia, muulize: "Mvua zikichachamaa, mnapita wapi kwenda sokoni?" Atakuonyesha kwa mkono kivuko kisichokatwa na maji. Wataalamu wakubwa kuliko wote ni wanaobeba maziwa na mkaa kwa baiskeli. Mtu mwenye gunia la mkaa nyuma hana anasa ya kujaribu njia mbovu. Akipita mahali kila siku, nawe pita.

Uliza pia kuhusu giza. Kina dada na kina mama hasa wanajua kijia gani mtu huporwa baada ya saa moja usiku. Kivuko kizuri mchana chenye kichaka pande mbili na hakina nyumba jirani, kiandike "mchana tu".

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuivuka TANZAM

TANZAM inabeba malori ya kwenda Tunduma na kuendelea Zambia na Kongo. Mahali utakapoivukia ni uamuzi mzito kuliko mtaa utakaoupita baadaye.

Simama ukingoni na baiskeli, barabara ikiwa tupu, uhesabu sekunde unazotumia kuvuka ukisukuma kwa mwendo wa kawaida. Barabara ya njia mbili pamoja na mabega yake huchukua kama sekunde 8. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo ndani ya sekunde zako 8 linakuwa limekuja karibu mita 180, ambazo ni hatua 240 hivi za mtu mzima.

Ndiyo kipimo chenyewe: pande zote mbili uone hatua 240 za barabara bila kona, kilima wala kibanda. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, lakini wewe pima kwa 80. Wanaokwenda 50 hawatakuumiza kwa tahadhari hiyo, na wanaozidisha utawaona.

Mambo mengine ya kukwepa:

Usivuke chini ya mteremko. Lori lililoelemewa na breki zilizochoka halisimami hata dereva akitaka. Watu wa Mbalizi wanaujua mteremko wa Iwambi na hawahitaji kukumbushwa. Kama kivuko chako kiko hapo, kihamishe hata ikikugharimu kilomita nzima.

Usivuke mbele ya daladala iliyosimama kituoni. Dereva wa gari linaloipita hakuoni mpaka umetokeza pua.

Kwenye zebra shuka, sukuma. Na gari la kwanza likisimama, usikimbie kumshukuru: subiri uone kama la pili nalo limesimama, kwa kuwa wengi hugongwa na lile linalompita aliyewaheshimu.

Upanuzi wa barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, unabadilisha hesabu hii. Barabara pana inaongeza sekunde zako, ingawa penye kisiwa katikati unaweza kuigawa mara mbili. Pale kazi inapoendelea, mchepuo wa wiki hii si wa wiki ijayo, kwa hiyo pima upya. Vipande vya lami mpya visivyofunguliwa vinavutia sana kwa baiskeli. Usivipite gizani kamwe, mitaro na makalavati yake huweza kuwa wazi.

Umefanikiwa ukiwa umepata sehemu moja ya kuvukia asubuhi na moja ya jioni. Zinaweza zisiwe moja. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto ni rahisi na ya kulia inakupitisha mbele ya magari. Njia ya kwenda si lazima iwe ya kurudi.

## Hatua ya 5: Unganisha vivuko kwa mitaa

Sasa kazi ni nyepesi. Una kivuko A, B na C. Tafuta mitaa inayoviunganisha. Kati ya mitaa miwili, mimi huchagua yenye nyumba zinazotazama barabara, penye watoto na maduka, kwa sababu madereva hupunguza mwendo wenyewe na ukianguka utaonekana. Afadhali vumbi lenye matuta kuliko lami laini ambayo bodaboda huigeuza uwanja wa mbio.

Epuka maeneo ya Mwanjelwa na Kabwe saa za soko kama kuna namna. Bajaji zinasimama ghafla, mikokoteni inarudi nyuma, abiria anafungua mlango bila kutazama. Ukilazimika, kaa mbali na magari yaliyoegeshwa kiasi cha mlango uliofunguliwa wazi, na uende mwendo wa kutembea.

Kumbuka pia kwamba mji wenyewe uko juu ya TANZAM. Ukiiacha barabara kuu kuelekea katikati ya mji, unapanda. Mtaa mrefu wenye mpando wa taratibu utakufikisha mapema kuliko ule mfupi uliosimama wima, tena bila shati kulowa.

Usifuate njia ya reli hata kama kijia kimekanyagwa. Ni hatari na si ruhusa.

## Hatua ya 6: Panga saa kwa kutazama jua

Mbeya iko magharibi ya nchi, lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia likiwa limechelewa. Mwezi wa Sita na wa Saba linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Mwezi wa Kumi na Moja ni kama saa kumi na mbili na robo. Mtu aliyeipenda njia yake Novemba, akitoka saa kumi na mbili na nusu kukiwa kweupe, Juni anatoka saa ileile kwenye giza na ukungu. Njia haikubadilika. Yeye ndiye asiyeonekana.

Kisha kuna mwanga wa machoni. Wa Uyole asubuhi anaelekea magharibi, jua mgongoni. Anayepofuka ni dereva anayekuja mbele yake. Wa Mbalizi ana shida kubwa zaidi. Asubuhi anaelekea mashariki, jua usoni, na jioni anarudi magharibi, jua usoni tena. Dereva aliye nyuma yake naye ana jua machoni, na ndiye anayepaswa kumwona. Kizibao hakisaidii sana hapo, kwa sababu kinang'aa kikimulikwa, na jua liko upande wa pili. Kwa hiyo watu wa Mbalizi, kipande chenu cha barabara kuu kipiteni jua likiwa limepanda, au muwe mmeshaingia mtaani. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana.

Glavu sasa. Asubuhi za kipupwe nyuzi za joto hushuka chini ya 10, na vidole vilivyoganda havibani breki. Utajua umechelewa kuzivaa siku utakapotaka kusimama na mkono usitii.

## Hatua ya 7: Kipande kisichokwepeka

Wengi wetu tutabaki na mita mia kadhaa za TANZAM. Zipite hivi.

Kaa kushoto, ukifuata magari. Wapo wanaopita upande wa kulia ili "waone lori linalokuja". Mwendo wako na wa lori unajumlishwa, na anayetokea mtaani anatazama upande mwingine, hakutarajii.

Penye bega la barabara, litumie, ila usijibane kwenye ukingo wa lami uliomeguka. Gurudumu likishuka pale na ukalazimisha kulipandisha, utaangukia barabarani. Shuka kabisa, simama, kisha upande.

Semi-trela ikikupita, kwanza upepo unakusukuma nje, halafu mkia unapomaliza kupita unakuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono miwili, viwiko vikiwa laini. Na usirudi katikati lori likishapita. Malori hufuatana, la pili linakuja.

Ukiona gari linalokuja mbele yako linampita mwenzake na kuingia upande wako, usibishane. Toka nje ya lami.

Usisimame kamwe kushoto mwa lori kwenye makutano. Likikata kona, trela linapita ndani zaidi kuliko kichwa, na dereva hana kioo kinachokuonyesha hapo.

Mteremkoni shuka, sukuma ng'ambo ya mtaro. Dakika tano utakazopoteza hapo si ghali kuliko uhai wako. Spika za masikioni zibaki mfukoni. Honi na harufu ya breki zinazoungua ni taarifa unazozihitaji.

## Hatua ya 8: Jaribu siku ya kazi

Jumapili inadanganya. Jaribu Jumanne au Jumatano, kwa saa zako halisi, ukiwa na mzigo wako halisi. Kutoka Uyole hadi Mafiati mjini ni kilomita 10 hivi kwa barabara kuu. Njia za ndani huongeza. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, hiyo ni kama saa moja ukiongeza kusukuma kwenye vivuko. Usiongeze kasi kulazimisha dakika 40.

Kila uliposhtuka, simama baadaye uandike: wapi, saa ngapi, nini. Fanya asubuhi mbili na jioni mbili. Mahali palipojirudia mara mbili, badilisha kipande hicho peke yake. Huna haja ya kufuta njia nzima, ndiyo faida ya kuishona kwa vivuko.

Umefanikiwa ukiwa umefika mara mbili bila kushtuka popote, na mwenzako wa nyumbani anaweza kutaja vivuko vyako kwa mpangilio. Mpe ile karatasi aipige picha. Ukichelewa, atajua aanzie wapi kukutafuta.

## Hatua ya 9: Ijaribu tena mvua zikianza

Mvua zetu huanza mwezi wa Kumi na Moja na kuendelea hadi wa Nne, na mara nyingi hunyesha mchana na jioni. Kwa hiyo safari itakayokulowesha ni ya kurudi, ukiwa umechoka na mwanga unapungua. Tena mvua inaweza kuwa imenyesha Loleza tu, kwako pakavu, na maji yakakukuta kivukoni.

Kanuni ni moja: usipoona sakafu ya kidaraja, rudi. Usipime kwa fimbo, usimfuate bodaboda aliyepita. Maji ya udongo yanaficha shimo lililochimbika dakika kumi zilizopita.

Wiki ya mvua za kwanza rudia hatua ya 3 kwa vivuko vyako vyote, ukiwa na karatasi ileile. Vile ulivyoandika "kiangazi tu" vikate kwa mstari mmoja, usivifute. Ukikuta kalavati la mtaani limeziba au limekatika, mweleze mwenyekiti wa mtaa na upeleke taarifa TARURA, wakala wa barabara za mitaani na vijijini. Likiwa la barabara kuu ni la TANROADS, wakala wa barabara kuu. Piga picha, andika eneo na tarehe. Kisha geuza baiskeli, pita kivuko cha pili kwenye safu yako.